Sita na tisa

Ngamiani, Tanga
Jumapili

Shoga yangu Rukia,

Salaam nyingi. Nimesikia umenuna. Ulimwambia Mama kwa simu utafika saa tisa, ukaja ukakuta mlango umefungwa. Mama alikungoja tangu saa sita, akachoka, akaenda zake msibani barabara ya 12. Hakukudharau, alisikia "sita".

Unakumbuka alivyolazwa baada ya mfungo? Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu, na miguu imevimba kwa ajili ya moyo. Wakawa wanamchoma sindano za jenta kila siku, yaani jentamaisini, dawa ya kuua vijidudu, pamoja na furosemaidi ya kumtoa maji. Siku ya tano akaniambia masikio yanalia kama nyenje. Nikamwambia nesi, akasema ni homa tu. Donge langu liko hapo mpaka leo. Jenta yenyewe siigombi, maana ndiyo iliyomwinua kitandani.

Daktari wa masikio alinieleza baadaye. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande. Jenta ikizifikia huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Furosemaidi ikiwa peke yake, masikio aghlabu hulia kwa muda tu, yakatulia. Lakini hulegeza kizuizi kinachotenga damu na maji ya sikio, basi jenta iliyokuwa ikipenya kidogo kidogo huingia kwa wingi. Na figo za mtu mzima zikiwa zimechoka, jenta hiyo hukawia mwilini.

Zinazotangulia kufa ni seli za sauti nyembamba. Ndiyo maana adhana anaisikia, lori analisikia, lakini simu ikilia chumbani hana habari. Hata maneno ni hivyo hivyo: i na a anazipata, s na t zinampotea. Hebu toa s na t kwenye "sita", kisha kwenye "tisa", uone kinachobaki. Nilijaribu mwenyewe jikoni, nikaacha kupika.

Ukija usimpigie kelele, zinamuumiza. Kaa mbele yake aione midomo yako. Na kwenye simu usitaje saa, sema "baada ya alasiri".

Amekuwekea chupa ya achari ya ndimu. Ila anashikilia kwamba wewe ndiye uliyechelewa.

Wako,
Mwanaidi