Mteja aliyeingia getini ni wa gereji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa breki za malori hapa Mbalizi, nimeajiriwa kwenye gereji ya mtu binafsi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu, na kidogo na mabosi.

Kazi ya pembeni siipingi. Mshahara wa fundi haufiki mwisho wa mwezi, na wengi wetu tuna shamba la viazi au bodaboda tuliyomkabidhi kijana. Hayo hayamgusi bosi. Ninachokikataa ni hiki: dereva anaingia getini, lori linakaguliwa kwa vifaa vya gereji, kisha fundi anamnong'oneza, "Hapa watakukamua. Jioni nisubiri kule mnakolaza magari, nakumalizia kwa nusu bei." Dereva yule ameletwa na jina la gereji, jina ambalo bosi amelihangaikia miaka, kodi na leseni juu. Kumchukua ni wizi hata kama hakuna spana iliyopotea. Na spana nazo huondoka, pamoja na grisi.

Halafu kuna hatari. Ukiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, maana mwajiri anachangia. Jeki ikiteleza saa mbili usiku kwenye deiwaka lako, yaani kibarua chako cha pembeni, hukuwa kwenye kazi ya mwajiri. Mkeo atadai kwa nani? Na lori hilo, lililofungwa breki kwa tochi ya simu bila mtu wa pili kukagua, alfajiri linashuka mteremko wa Mbalizi na mzigo wake wote. Sisi wa hapa tunaujua mteremko ule, tumeshazika watu.

Wenzangu wanajipa moyo kwamba mkataba haukukataza. Lakini kanuni za ajira za utendaji bora za mwaka 2007 zinautaja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi.

Mabosi nao wasikie. Sheria inataka sababu ya kweli na utaratibu wa haki, si kumtimua mtu kwa fununu. Aliyeachishwa kwa uonevu ana siku 30 kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Na kumcheleweshea fundi mshahara, kisha kumwita msaliti akitafuta kibarua, ni uonevu. Liandikwe kwenye mkataba: mteja aliyeingia getini ni wa gereji, na fundi aliyeleta mteja wake apewe asilimia. Bosi wangu nimeshamwomba hivyo, bado nasubiri jibu.

Fundi breki,
Mbalizi, Mbeya