Msiondoke Kabla ya Matokeo: Barua ya Wazi kwa Wanachuo Mnaowashauri Wanafunzi wa Vijijini

Wapendwa wanangu,

Nawasalimu kutoka Kimara, Dar es Salaam, ambako naishi tangu nilipostaafu ualimu. Hivi karibuni mlinialika kusikiliza mipango yenu, ninyi mnaosoma Mlimani, Muhimbili, Ardhi na Chang'ombe, ya kwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari za vijijini juu ya masomo na kazi baada ya shule. Nilipewa dakika kumi, nami si mtu wa kuzungumza kwa haraka, kwa hiyo mengi niliondoka nayo moyoni. Nayaandika hapa hadharani kwa kuwa makundi kama lenu siku hizi ni mengi, na kosa ninalotaka kulitaja si la kwenu peke yenu.

Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliitumikia katika shule za vijijini mkoani Lindi. Nimepokea wageni wengi wenye nia njema kama yenu. Walifika mwezi wa Septemba, wamevaa fulana za aina moja, wakawakusanya Kidato cha Nne chini ya mwembe, wakawaambia wajiamini na wasome kwa bidii, wakapiga picha, wakaondoka kabla jua halijazama. Watoto walifurahi kwa dhati. Novemba walifanya mtihani, wakarudi kwao, na matokeo yalipotoka Januari hapakuwa na hata mgeni mmoja aliyekumbuka kuuliza nani amepata nini.

Hilo ndilo neno langu kwenu. Kijana wa kijijini hapungukiwi sana na hamasa. Anapungukiwa na mtu wa kukaa naye siku anapotakiwa kuchagua, na siku hiyo huja baada ya matokeo, wakati hayupo tena shuleni. Akiwa darasani ana mwalimu wa taaluma na ana wenzake. Akishamaliza, ana mzazi ambaye pengine hakufika sekondari, na ana simu ya kuazima.

Enzi zetu jambo hili halikuwa zito hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnachokiita Mlimani, kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la Mtaa wa Lumumba. Hata tulipokua sisi, nafasi zilikuwa chache, serikali ilikupangia, nawe ulikwenda ulikopangiwa. Leo njia ni nyingi kiasi kwamba mtoto anapotea kwa wingi wake. Mwaka 2024 tahasusi za Kidato cha Tano, yaani michepuo ya masomo matatu matatu, ziliongezwa zikafika 65, lakini mwulize mwanafunzi wa shule ya kata azitaje, atakutajia PCB, PCM, HGL na HKL, kisha atanyamaza. Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne, TAMISEMI, wizara inayowapangia wanafunzi shule, hufungua mfumo wake wa mtandaoni kwa muda ili wahitimu warekebishe machaguo ya tahasusi na vyuo waliyoyajaza shuleni kabla hawajajua watapata alama gani. Je, ni wangapi kati ya wale mliowapungia mikono Septemba waliojua kwamba muda huo upo?

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu safari zenu. Mnaowachagua kuzungumza ni wale waliopita njia iliyonyooka: Daraja la Kwanza, Kidato cha Sita, shahada. Mtoto aliyekaa nyuma, ambaye mwenyewe anajua atapata Daraja la Nne, anasikiliza kama anayesikiliza habari za harusi ya watu wengine. Tangulizeni basi yule mwenzenu aliyetoka Kidato cha Nne akaenda chuo cha kati, akapata stashahada yenye wastani wa kuanzia 3.0, na sasa anasoma shahada pamoja nanyi. Mwambieni mtoto kwamba mwenye ufaulu wa D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na somo jingine lisilo la dini, anaweza kuomba stashahada ya utabibu, ingawa ushindani ni mkali. Mwambieni kuhusu vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na kuhusu Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa tangu 1975, ambavyo vipo karibu na vijiji vyao kuliko wanavyodhani. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo mikoani. Msiyaseme haya kwa sauti ya kumpa mtu pole. Fundi umeme aliyesomea kazi yake ni mtu anayetafutwa, na mimi mwenyewe namsubiri mmoja wiki ya pili sasa.

Sasa niingie kwenye makaratasi, kwa sababu hapo ndipo nimeona watoto wengi wakikwama.

Binti mmoja niliyemfundisha alipata ufaulu mzuri wa Kidato cha Sita. Tangu 2017 mwombaji wa shahada hupeleka maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, naye akapanda bodaboda hadi makao makuu ya wilaya kujaziwa maombi yake kwenye steshenari. Kijana wa steshenari, kwa kuwa binti hakuwa na simu, aliandika namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, pengine bila nia mbaya. Binti alichaguliwa na vyuo viwili. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu, na msimbo ule ulikwenda kwa kijana ambaye wakati huo alikuwa ameshahama mji. Tulipogundua, muda wa kuthibitisha ulikuwa umekwisha. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Nami nilikuwa mwalimu wake, nilimpongeza kwa matokeo yake, na sikumwuliza namba ya simu ya nani imeandikwa kwenye maombi. Nalisema hili ili mjue kwamba siwalaumu nikiwa nimesimama pembeni.

Kwa hiyo mkifika shuleni, badala ya hotuba, kaeni na mwanafunzi mmoja mmoja mkague majina. Linganisheni jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na lile lililosajiliwa Baraza la Mitihani, herufi kwa herufi. Hamisi na Hamis ni mtu mmoja kwa mama yake, lakini kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Wengine hawana cheti kabisa, na kukitafuta Julai, wakati Bodi ya Mikopo inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ni kuchelewa. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi, ambacho mara nyingi hakuna aliyewahi kukifuatilia. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina namba yake, na mama aitunze namba hiyo. Mdhamini awe na kitambulisho na apatikane mapema, asiwe mjomba anayetafutwa usiku wa mwisho. Kila mtoto awe na daftari lenye namba yake ya mtihani, barua pepe yake na neno lake la siri, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake au la mzazi anayeishi naye.

Kuhusu mkopo, semeni ukweli wote. Bodi ilianza kazi 2005, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imekuwa ikiwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, habari ambayo vijijini haijafika sawasawa. Lakini fedha hizo za mkopo mnazoziita bumu ni deni, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Tena si kila mwombaji hupata, na anayepata si lazima apate yote. Mkificha hayo ili kijana asivunjike moyo, mtakuwa mmempeleka Dar es Salaam akalale sakafuni kwa watu.

Zungumzeni na wazazi, na mzungumze nao kwa kalenda yao. Kule Lindi ufuta huuzwa kuanzia mwezi wa sita au wa saba hivi, ndipo fedha inapoingia nyumbani, na ndipo pia maombi ya vyuo yanapofunguliwa. Ifikapo Oktoba au Novemba, mtoto anapotakiwa kuripoti chuoni, fedha ile imeshageuka mabati au imelipa madeni. Mzazi akiambiwa Juni kwamba kuna ada za maombi, nauli, godoro na chakula cha wiki za mwanzo kabla mkopo haujatoka, anaweza kuweka akiba. Akiambiwa Oktoba, atamtazama mtoto wake na kukosa la kusema.

Fuateni taratibu. Pitieni kwa afisa elimu sekondari wa wilaya na kwa mkuu wa shule, na msiwasiliane na wanafunzi, hasa mabinti, kwa simu za usiku, hata kama ni juu ya tahasusi.

Najua mtauliza mtawezaje kufika kijijini Januari na Julai huku mna vipindi na mitihani. Januari ni vigumu, na hapo simu itabidi itoshe. Lakini matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai, na katika miezi hiyo wengi wenu mnaanza likizo ndefu na kurudi makwenu, Nachingwea, Kilosa, Kasulu, Mbulu. Mko kulekule tunakosema hakufikiki, mkiwa na simu zenye intaneti na uzoefu wa mwaka mmoja au miwili wa mambo haya haya. Basi kila mmoja wenu achukue wanafunzi watano tu, wa shule iliyo karibu na kwao, awe nao tangu Kidato cha Nne au cha Sita hadi siku wanaporipoti chuoni, VETA au popote walikochagua. Kundi la watu arobaini litakuwa limewashika mkono watoto mia mbili, na majina yao mtayajua.

Safari zenu nyingi zinaanzia stendi ya Magufuli pale Mbezi, na Kimara iko njiani. Siku mtakayoondoka, piteni asubuhi na mapema. Nimeandaa karatasi moja ya mambo ya kukagua kwa kila mwanafunzi, nimeichapisha nakala mia mbili kwa fedha zangu za pensheni, na zipo mezani sebuleni. Chai pia itakuwepo.

Ni mimi babu yenu,
Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam.