Umekata bima ya safari, je, gari la kukodi limo?

Saa nane usiku simu iliita. Alikuwa mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliyekwenda Marekani kwenye mahafali ya mwanawe. Huko Los Angeles ilikuwa saa kumi jioni, naye kasimama kwenye kaunta ya magari uwanja wa ndege.

"Samahani mwanangu kwa kukuamsha. Huyu kijana anasema niongeze bima nyingine, inalipwa kila siku. Si nilikata kwako?"

Alikata bima ya safari, tena ya kiwango kikubwa. Na bado nikamwambia: "Shikamoo mama. Iongeze."

Bima ya safari inakufuata wewe na mzigo wako. Ukiugua, ukilazwa, begi likipotea, ndege ikiahirishwa, ipo. Ndani yake kuna pia kifungu cha dhima kwa watu wengine, yaani kulipia hasara uliyowasababishia, na hicho ndicho kinachowachanganya wateja, kwa sababu tarakimu zake ni kubwa na mtu akiziona anatulia. Nenda kurasa za nyuma, penye yale yasiyolipwa. Karibu kila mkataba unaopita mezani kwetu una mstari unaosema dhima inayotokana na kumiliki au kutumia chombo chenye injini haimo. Kifungu kile kimewekwa kwa ajili ya mtoto aliyevunja kioo cha hoteli, au bomba uliloacha wazi maji yakashukia chumba cha chini. Ukishashika usukani, hakikuhusu.

Na ile bima ya viza ya Ulaya, ya euro 30,000? Hiyo ni ya matibabu na kukurudisha nyumbani. Ya gari haimo.

Pale kaunta utaonyeshwa pia herufi CDW au LDW. Watu huziita bima, lakini kwa kweli ni ahadi ya mwenye gari kwamba gari lake likiharibika hatakudai, au atakudai kiasi fulani tu. Baadhi ya mikataba ya safari inakurudishia kiasi hicho, na ni nyongeza nzuri. Ila yote hayo ni habari ya gari ulilokodi. Yule uliyemgonga, na gari lake, bado hawajatajwa.

Swali la kuuliza ni lile tunalolijua hapa nyumbani: bima ndogo ya gari hili, ile ya kumlipa uliyemgonga, iko wapi, na inafika kiasi gani?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya huna haja ya kuhangaika sana. Sheria inalazimisha kila gari liwe nayo, la kukodi pia, na kima cha chini kwa walioumia ni euro 6,450,000 kwa ajali moja. Imeshaingia kwenye bei. Afrika Kusini ni tofauti: walioumia hulipwa na mfuko wa serikali unaochangiwa kupitia bei ya mafuta, lakini bima ya kulipia gari la mwenzako hailazimishwi na sheria. Hapo soma mkataba wa kukodi neno kwa neno.

Marekani ndiko ninakoogopa. Kila jimbo lina kima chake. California, hata baada ya kupandisha Januari 2025, inadai dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 15,000 kwa mali. Gari la kukodi mara nyingi huja na kima hicho tu. Sasa fikiria umegonga pikapu mpya, dereva wake akachukuliwa na gari la wagonjwa. Bili za hospitali za kule zinaweza kumaliza dola 30,000 kabla hajaruhusiwa, na kinachobaki utadaiwa wewe. Mwenyeji wa kule huenda ana bima ya gari lake inayomfuata hata akikodi. Mgeni kutoka Dar es Salaam hana. Ndiyo maana nyongeza ya dhima, ile ya kufikia dola milioni moja au karibu na hapo, ndiyo pekee ninayomwambia mteja asibishane nayo. Hizo nyingine za matairi na vioo, uamuzi wako.

Ukikodi kwa mtandao kabla ya kuondoka, jaza kwa ukweli nchi unayoishi. Bei za wageni mara nyingine huja na nyongeza hiyo ya dhima ndani, usije ukalipa mara mbili. Na hakikisha kila atakayeendesha ameandikwa. Mama yule alikuwa anapanga mwanawe amsaidie usukani bila kumtaja, na mwana akigonga huku jina lake halimo, hata hiyo milioni moja inaweza kukataliwa.

Wanaovuka mpaka na gari lao kwenda Lusaka au Kigali, hiyo ni habari ya kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika: bima ndogo inayotambuliwa ukivuka mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye kadi tumo. Pitia ofisini na kadi ya gari.

Ukikwama kaunta, piga picha ukurasa wa bima utume WhatsApp kabla ya kusaini. Hata saa nane usiku tunapokea.