Watoto wanajua handikepu ya mkeka, la kwenye kitabu hawalijui

Mhariri habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, mi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari huku Uyole jijini Mbeya na hili jambo limenikaa moyoni toka muhula uliopita.

Tulikuwa tunasoma habari ya kijana mwenye ulemavu wa miguu, kidato cha tatu, ndani yake kuna neno "handicap". Nikauliza nani analijua, mikono ikanyooka karibu nusu ya darasa na mi nikafurahi kweli maana kwa kawaida ukiuliza msamiati mpya kila mtu anaangalia daftari lake. Nikamchagua kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa, akasimama vizuri akasema mwalimu, handikepu ni pale timu ndogo inapopewa goli moja mkononi kabla mpira haujaanza. Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa linaitikia kwa kichwa, ndo maana wanayoijua.

Na wala hajakosea, ndo kinachoniuma. Neno hilo kwa Waingereza lilianzia kwenye mchezo wa zamani, miaka ya 1600 huko, watu wawili wanabadilishana vitu, mwamuzi anasema cha nani kina thamani ndogo na kiongezewe shilingi ngapi, wote wanaingiza mkono kwenye kofia yenye hela za dau kuonyesha wamekubali au wamekataa, ndo "hand in cap", mkono ndani ya kofia. Baadaye likahamia kwenye mbio za farasi, yule mwenye nguvu anabebeshwa uzito ili wakimbie sawa. Kumuitia binadamu mwenye ulemavu ni karne iliyopita tu, na leo wenyewe wengi hawapendi kuitwa hivyo. Kwa hiyo kijana wangu wa nyuma alikuwa karibu na mzizi wa neno kuliko kitabu chetu, ila ana miaka 16, na michezo ya kubahatisha kwa sheria zetu ni kuanzia miaka 18.

Nikaanza kusikiliza wanavyoongea mapumziko. Odds, stake, draw, over, under, GG (timu zote mbili kufunga), cash out, yani wanayatamka vizuri bila kigugumizi na ukiwapa barua ya kuomba kazi ya sentensi tano wanatoka jasho. Mkeka umetiki, yani tiketi yake ya kubeti imeshinda, mkeka umechanika, yani imeshindwa, timu fulani imenichania. Hiki ndo Kiingereza chao cha kwanza chenye kazi mfukoni, na sisi walimu tunakaa kimya tukidhani tukiligusa tutaonekana tunawafundisha kamari.

Mi nimeamua kuligusa. Siku moja nikaandika ubaoni "odds", nikawaambia kwa Kiingereza cha kawaida mtu akisema "the odds are against us" hajabeti popote, anasema tu mambo yamekaa vibaya upande wetu. Halafu nikawaambia tupige hesabu. Mkeka wa mechi 5, kila moja odds 1.85, yani kila mechi inazidisha hela yako mara 1.85, umeweka buku, shilingi elfu moja. Wakazidisha fasta, inakuja kama 21,670, wakaanza kutabasamu. Nikawaambia haya, tuseme kila mechi ni kama kurusha shilingi, nusu kwa nusu. Ukirusha mara mbili kuna namna 4 za kuangukia, mara tatu 8, mara nne 16, mara tano 32, na unayoitaka wewe ni moja tu. Kwa hiyo mchezo ungekuwa wa haki hiyo buku yako ikishinda ingerudi 32,000. Darasa lilinyamaza. Binti mmoja wa mbele akauliza, ina maana mwalimu wameshakata chao kabla mpira haujaanza? Nikamwambia ndiyo, ile 1.85 ingetakiwa kuwa 2, hapo ndo wanapokatia, na ukiunganisha mechi nyingi wanakata juu ya walichokata. Sijawahi kufundisha kipindi cha Kiingereza kikaeleweka kama kile.

Kuna neno lingine ambalo watu wa Mbeya tunalijua bila kujua kwamba tunalijua. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala tunatoka Mbalizi, tunapandisha Iwambi tukakuta lori la kwenda Tunduma limesimama katikati ya njia, limejaa mzigo, zile taa zake za njano zinawaka zinazima pande zote mbili, na konda akapiga kelele kwa dereva "kawasha hazadi huyo, tulia!" Abiria wote wakakaa kimya maana mteremko wa Iwambi tunaujua ulivyokula watu. Sasa hiyo hazadi, "hazard", zamani lilikuwa jina la mchezo wa kamari wa kurusha kete, Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na wengi wanasema chanzo chake ni Kiarabu, az-zahr, yani kete yenyewe. Watu waliicheza hiyo kete miaka na miaka mpaka jina lake likageuka likawa jina la hatari. Sikuwa na haja ya kuwahubiria wanafunzi, niliwaambia historia ya neno tu, na wengi baba zao na kaka zao wako kwenye malori.

Sisemi maneno haya tuyafukuze. Hata Kiswahili chetu kina yake toka zamani, kopa, uru, shupaza tulipewa na Wareno, na turufu pia, ambayo ni ndugu wa "trump" ya Waingereza, yote yametoka kwenye neno moja la ushindi. Kila siku tunasoma magazetini kocha fulani kabakiza karata yake ya turufu na hakuna anayedhani kocha anacheza karata. Waingereza na Wamarekani ndo usiseme, mtu akimtupia mwenzie lawama wanasema "pass the buck", limetoka kwenye poka, kile kitu kinachowekwa mbele ya mtu ambaye ni zamu yake kugawa karata, na Rais Truman wa Marekani alikuwa na kibao mezani kwake kinachosema hiyo buck mwisho wake ni pale kwake. Neno likishakaa kwenye lugha miaka mingi linapoa. Haya ya kwetu bado ya moto, yamekuja na simu na hela ya chakula ya mtoto juzi juzi tu.

Na yanapoingia yanasukuma mengine nje. Nina mwanafunzi alimaliza kidato cha nne, kwao ni huku Igawilo, alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenye baridi yetu hii unayoijua, anasoma kwa tochi ya simu ya mama yake halafu ndo anachota maji. Akapata daraja la kwanza. Nilienda kwao kuwapongeza na nikiwa nimekaa pale kwenye benchi jirani akaingia akasema "eh bwana umepiga jakipoti!" na mwingine akadakia "zali hilo mdogo wangu". Yule binti aliinamisha uso akawa anakwangua kucha yake. Jakipoti ni neno la poka, chungu cha hela kinachozidi kujaa kwa sababu hakuna mwenye karata za kukifungulia mpaka mmoja azipate. Huyu mtoto hakusubiri karata, alisoma.

Halafu kuna redio moja nikamsikia mtangazaji anasema kilimo cha viazi ni kubeti tu kama mkeka. Mama yangu analima viazi Umalila. Anachagua mbegu moja moja kwa mkono, anapandishia matuta, mvua ikizidi anapiga dawa ya ukungu wiki kwa wiki mpaka mgongo unakataa, na wanunuzi wakija anabishana nao juu ya lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kipimo. Anaweza kukosa, ndiyo, mwaka mwingine anakosa kabisa. Lakini huko ni kuthubutu, na kuthubutu na kubahatisha kwa Kiswahili ni maneno mawili, tuliachiwa yote mawili na wazee kwa sababu ni vitu viwili. Waingereza nao wanatenganisha, kuna "risk" na kuna "gamble". Mtangazaji akiyachanganya, kijana anayemsikiliza kijiweni Mwanjelwa anaona jembe na mkeka ni kitu kimoja, na mkeka haumchoshi mgongo.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Kwenye gazeti lako mtu akipata kazi, akifaulu, akivuna, msiandike kapiga jakipoti. Andikeni alichofanya. Na walimu wenzangu wa Kiingereza huku Nyanda za Juu Kusini, Njombe, Iringa, Songwe, haya maneno watoto wanayo tayari, tuyalete mchana ubaoni na hesabu zake na asili zake.

Darasani kwangu tumebandika karatasi kubwa ukutani, kila neno la kamari linaloonekana kwenye Kiingereza cha kawaida linaandikwa na chini yake lilikotoka. Anayeandika ni yule kijana wa nyuma, ana mwandiko mzuri kuliko wote. Jana kaandika "chance", linatokana na neno la Kilatini la kuanguka, maana yake kete ilivyoangukia. Akaniuliza kama aandike na chansi, ile tunayosema nipe chansi nipite. Nikamwambia andika, akaiandika kwa herufi kubwa.

Mwalimu wa Kiingereza,
Uyole, Mbeya