Polishi inakula rangi, nta inaivika: kabla hujashika mashine

Mteja akituletea gari lililofifia, mara nyingi husema, "Lipigeni waksi tu, litarudi." Tunalisogeza juani, tunainama kidogo na kulitazama boneti kwa ubavu. Hapo mikwaruzo myembamba inajitokeza, imejipanga kama utando wa buibui kuzunguka pale jua linapomulika. Inatubidi tumwambie ukweli ambao hakuutarajia: nta, yaani hiyo waksi, haitaiondoa mikwaruzo hiyo. Itaijaza kidogo, gari litapendeza kwa majuma machache, kisha mvua na sabuni zitaichukua nta na mikwaruzo itaonekana palepale ilipokuwa.

Polishi na nta ni kazi mbili zinazokwenda kinyume. Nta unaiongeza juu ya rangi. Polishi inapunguza. Ndani yake mna chembe ndogo mno, ngumu, ambazo zikisukumwa na pedi husaga tabaka la juu mpaka lishuke na kulingana na sakafu ya mkwaruzo. Kwa hiyo mkwaruzo wenyewe haufutiki; kinachosagwa ni kile kilichouzunguka. Ukilielewa hili, maamuzi mengine yote ya kazi hii yanakuwa mepesi.

Tabaka linalosagwa mafundi rangi huliita klia, yaani vanishi isiyo na rangi inayopuliziwa juu ya rangi yenyewe. Kwenye magari mengi yanayotoka kiwandani unene wake ni takriban mikroni 35 hadi 50. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Klia hiyo ndiyo inayoipa rangi kina na kuikinga na jua, na ikishaisha hairudishwi na chupa yoyote, inapuliziwa upya. Ndiyo maana tunawakatalia wanaotaka gari lipigwe mashine kila baada ya miezi michache. Tunajua tunakataa pesa, lakini klia ya mtu si yetu kuimaliza.

Kwa anayetaka kujifunza mwenyewe, chaguo la mashine ni muhimu kuliko chaguo la dawa. Zipo za aina mbili. Ya kwanza huizungusha pedi kwa mhimili mmoja tu, kama grainda. Nguvu yake yote inakwenda mahali pamoja, joto linapanda upesi, na mkono usiozoea huacha alama za mawimbi zinazoonekana juani. Ya pili, inayojulikana kama DA, huizungusha pedi huku ikiitikisa, na ukiikandamiza kupita kiasi pedi huacha kuzunguka, ikabaki kutikisika tu. Udhaifu huo ndio unaomlinda anayeanza. Anza na DA. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito pembeni mwa sahani inayoshika pedi: mashine ikiwa kazini na bado unauona mstari umetulia, pedi haizunguki, punguza mkandamizo au inyooshe ilale sawasawa.

Usiiwashe bado. Gari lioshwe vizuri, kisha weka mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na upitishe vidole polepole juu ya rangi iliyokauka. Ukihisi vijipunje kama mchanga, huo ni uchafu ulioganda ambao sabuni haikuutoa: chembe za vyuma vya breki, lami, utomvu wa miti. Unaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji yenye ulainishi. Udongo huo ukidondoka chini, utupe. Usiuoshe, usiufute, utupe. Punje moja ya mchanga iliyonasa humo itachora boneti zima. Baada ya hapo bandika utepe wa karatasi kwenye plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kwa sababu polishi ikiingia humo hukauka nyeupe na kuitoa ni mateso. Bandika pia kwenye kingo na mikunjo ya bodi.

Kingo ndizo zinazotuumiza roho zaidi. Hapo rangi hukaa nyembamba kuliko kwingineko, na pedi ikipita inagusa eneo dogo sana, hivyo nguvu yote inalundikana. Tuliletewa gari ambalo mwenyewe alikuwa amelihudumia kwa bidii siku nzima, mlango baada ya mlango, na kazi ilikuwa nzuri kabisa isipokuwa mstari mmoja juu ya tairi la nyuma ambapo praima, ile rangi ya msingi iliyo chini, ilikuwa imechungulia. Hakuna polishi ya kurekebisha hilo. Paneli ile ilipuliziwa rangi upya.

Sasa kazi yenyewe. Chagua kipande kimoja kisichoonekana sana na ukifanye cha majaribio, chenye upana wa sentimita 40 hadi 50 kila upande. Anza na pedi laini na polishi isiyo kali. Matone matatu au manne madogo juu ya pedi yanatosha. Yasambaze kwa mwendo mdogo wa mashine, kisha ongeza kasi na upite polepole, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia; ukimaliza kwa urefu, rudia kwa upana. Pedi ilale, uzito wa mashine na mkono mwepesi vinatosha. Futa mabaki, pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yasikudanganye, halafu mulika kwa tochi. Kama mikwaruzo imebaki, ndipo upande ngazi moja: pedi ngumu kidogo au kompaundi, yaani dawa inayosaga kwa ukali kuliko polishi. Wengi huanzia kwenye kompaundi kwa sababu inafanya kazi haraka, wakasaga klia ambayo hapakuwa na haja ya kuisaga.

Safisha pedi kila baada ya kipande. Pedi iliyojaa mabaki hupata joto na haikati tena. Kwa gari zima ni vyema kuwa na pedi tano au sita. Na ukiona kitambaa kinachukua rangi ya gari, nyekundu au bluu, usishtuke kama gari ni la zamani: huenda rangi yake haina klia juu. Kama unajua lina klia, simama mara moja.

Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha ukiupitisha juu yake, uache. Kuufikisha chini kwa kusaga ni kuhatarisha klia yote inayouzunguka.

Nta ndiyo sehemu nyepesi, na bado watu huikosea kwa kuipaka nene. Tabaka jembamba lisiloonekana vizuri linafanya kazi sawasawa na lile nene, tofauti ni kwamba la pili litakuchosha kulifuta. Fanya kivulini, bodi ikiwa imepoa. Nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, huleta mng'ao wenye joto lakini hudumu majuma machache, pengine miezi miwili. Zile za kutengenezwa kiwandani hukaa muda mrefu zaidi. Nta unaweza kuirudia kila unapotaka, haipunguzi chochote.

Mikwaruzo ile ya utando wa buibui haikuletwa na barabara. Kwa sehemu kubwa imeletwa na mkono unaoosha. Sifongo iliyodondoka chini ikarudishwa kwenye bodi, ndoo moja ya maji yaliyogeuka tope, na baya kuliko yote, kitambaa kikavu kinachofuta vumbi kila asubuhi. Vumbi ni mawe madogo. Ukilisukuma likiwa kavu unapiga msasa. Mwagia maji mengi kwanza, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glovu ya kuoshea, anzia paa ushuke, magurudumu yawe na kitambaa chake. Kaushia taulo la maikrofaiba, kwa kulilaza na kulivuta taratibu.

Magari yenye rangi isiyong'aa kwa makusudi hatuyapigi polishi, kwa kuwa yatatoka na mabaka ya kung'aa yasiyoondoka. Klia iliyokwisha kubanduka nayo haisaidiki kwa mashine. Na kama paneli imepakwa rangi hivi karibuni, muulize fundi aliyeipaka ni lini itakuwa tayari kupokea nta.

Ukituletea gari, tutapima unene wa rangi kwa kipimo kabla hatujagusa kitu, paneli kwa paneli, na utaziona namba mwenyewe. Tuna ombi moja tu: asubuhi hiyo usilifute. Lilete na vumbi lake.