Kwa Nini Picha ya Konea Iliyopandikizwa Tunairudia

"Kule kwingine nilipigwa picha moja nikaenda zangu. Ninyi mnanirudisha kwenye mashine, na bei yenu iko juu!" Wateja waliopandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hutuambia hivi kila mara sisi tunaopiga picha za macho, na wapo wanaoondoka wakiamini tumewaibia.

Picha ya kwanza ni ramani ya rangi inayoonyesha umbo la konea. Hupatikana kwa kumulika duara za mwanga jichoni, na kinachozirudisha ni utando wa machozi uliotanda juu ya konea. Utando ukikauka, au ukichanganyika na mafuta ya dawa, duara hukatika na programu hukisia palipokatika. Jicho lililopandikizwa hukauka upesi, kwa kuwa neva za konea hukatwa wakati wa upasuaji. Basi wekundu, rangi ya sehemu iliyobinuka zaidi, hujitokeza kwenye karatasi mahali ambapo konea haina tatizo.

Mteja mmoja alituletea karatasi ya namna hiyo, hapati usingizi, ameambiwa kipandikizi kimeharibika upande mmoja. Tukamwomba apepese, tukasubiri, tukapiga tena: doa likahama. Tulipopiga nyingine halikuwepo. Kilichobaki ni mvuto wa nyuzi za mshono, jambo la kawaida zikiwa hazijatolewa. Kasoro ya kweli hukaa palepale hata ukirudia.

Picha za mkato, zinazoonyesha konea kana kwamba imekatwa kati, nazo zina mitego yake. Konea ya kawaida ina unene wa maikromita 540 hivi katikati, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Mama mmoja alipewa namba ndogo mno, akaogopa konea inayeyuka. Programu ilishika mng'ao wa mpaka kati ya kipandikizi na konea yake, ikadhani konea imeishia hapo. Tulisogeza mstari kwa mkono, unene ukakaa sawa. Kazi hiyo haiandikwi kwenye risiti, lakini ndiyo mnayoilipia.

Kinachotuumiza zaidi ni lenzi ngumu ya kuvaa jichoni kuvuliwa mlangoni ili kuokoa safari. Lenzi huifinyanga konea, na umbo huchukua siku, pengine wiki, kurudi. Daktari akichagua uzi wa kutoa kwa kufuata ramani hiyo, uzi ukishatoka haurudishwi. Muulize mapema uivue lini. Mafuta ya jicho na kipimo cha presha ya jicho vije baada ya picha, ila matone ya kuzuia mwili kukikataa kipandikizi usiyaache hata siku moja.

Na jicho likiwa jekundu, likiuma, likikerwa na mwanga au kuona kukififia, usije kwetu kwanza. Nenda kwa daktari wako siku hiyo hiyo.