Msako wa usiku hautawalinda vijana wetu

Mhariri,

Katika mkutano wa mtaa wetu hapa jijini Arusha, ilitolewa hoja kwamba kijana atakayekutwa nje baada ya saa nne usiku akamatwe. Naelewa hofu ya walioiunga mkono, kwani simu zinaporwa na akina mama wanaochelewa kufunga genge hurudi nyumbani roho mkononi. Hata hivyo, msako wa jumla humzoa pia muuza chipsi na mwanafunzi anayetoka kujisomea, na kosa la uzururaji katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni pana kiasi cha kumnasa karibu kila mtu asiye na wa kumtetea.

Kijiwe cha bodaboda kilicho jirani yetu kina mwenyekiti, katibu na daftari la majina, na madereva wake wanajua ni nani ameacha shule na ni nani ameanza kutembea na kisu. Hao, pamoja na mabalozi wa nyumba kumi (ni wa chama tawala, CCM, najua, lakini milango wanaijua), wangeweza kukaa na familia husika kabla mambo hayajafika kituoni.

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Ofisi ya mtaa ibandike ukutani masharti ya kusajili kikundi cha kuomba mikopo hiyo, na taa ya njia ya sokoni itengenezwe kabla ya mkutano ujao.

Mkazi wa Arusha